Brashi ya Herufi Haiazimwi

Nilifika Dar es Salaam siku ya tano ya safari, juu ya magunia ya korosho, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Kutoka kijijini kwetu, kando ya barabara ya Masasi, lori lilikwenda kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha njiani. Siku ya pili springi ilikatika. Siku ya tatu na ya nne tulikaa ukingoni mwa Rufiji tukingoja pantoni, nyuma ya foleni ya malori mengine, tukila mihogo ya kuchoma na kunywa maji yenye rangi ya chai. Dereva alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu, jina lake Mponda. Mama alinikabidhi kwake kwa maneno machache: "Mfikishe kwa baba yake. Huyu ndiye barua yangu." Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua kama mtu anaweza kuwa barua, wala sikujua kwamba barua nyingine hazijibiwi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mlango. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeishi Songea, Tunduma, Mbeya, na sehemu zote hizo sijawahi kununua kitanda kizito. Mwezi uliopita nilikuwa Makambako nikingoja usafiri, nikaingia kwenye mgahawa mpya, ule mtindo wa viti vilivyotengenezwa kwa mapipa. Ukutani wametundika mlango wa lori la zamani, yale ya Kiingereza yenye pua ndefu na taa za mviringo. Kutu wameiacha makusudi, wakaipaka vanishi juu. Jina la tajiri limekwanguka, ila chini yake bado panasomeka: S.L.P., namba iliyofutika, kisha DAR ES SALAAM. Herufi nyekundu, kivuli cha njano upande wa kushoto. Niliinuka nikapitisha kidole juu ya ile D.

"Shikamoo, mzee. Hiyo urembo tu," akasema kijana aliyeniletea chai. "Bosi kaununua Dar. Eti zamani walikuwa wanaandika kwa mkono, unaamini?"

"Marahaba. Naamini."

"Watu walikuwa na muda, aisee."

Kidole kilikuwa kimeshanieleza. Mkono ulikuwa wa baba. Brashi haikuwa yake. Chai ilipoa pale mezani na gari nililokuwa nalingoja likaondoka bila mimi.

Baba alikuwa fundi wa maandishi ya magari. Kazi alifunzwa Lindi na mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu, na Mwalimu alipofariki, baba akahamia Dar, Gerezani, ambako malori ya kusini yalikuwa yanalala na kutengenezwa. Alituahidi atatuita. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mama alama moja: korosho na majani mawili, ndogo, ya kutosha kiganjani. Angeichora kwenye ubao wa nyuma wa lori la Mponda, maana lori hilo lilikuwa linasimama kijijini kwetu kila safari kupakia korosho. "Ukiiona," alimwambia, "ujue nipo mzima na nia yangu ni ileile." Na kila lori liliporudi Dar aliipiga msasa ile ya zamani, akachora nyingine kwa rangi tofauti, ili mama asije akapokea salamu za jana.

Mama hakujua kusoma. Lori likifika, aliacha alichokuwa anafanya, akaenda nyuma ya bodi, akapitisha kidole juu ya ile korosho polepole, jani la kwanza, jani la pili. Utingo alikuwa anamtania: "Mama, ubao wetu hautoi maziwa!" Yeye anacheka, anafunga kanga, anarudi jikoni. Ilikuwa hivyo miaka miwili. Kisha akachoka kungoja kuitwa, akanituma mimi.

Tulipoingia Dar kwa njia ya Kilwa sikutazama maghorofa. Nilitazama milango ya malori. Karibu kila lori la tatu lilikuwa na zile herufi nyekundu zenye kivuli cha njano ambazo nilizijua tangu nikiwa mgongoni. Tembo wa baba, swala wa baba, nanga ya baba ndani ya duara. Nilihesabu mpaka vidole vikaisha nikaanza upya.

"Mzee Mponda, haya yote ni ya baba?"

Mponda alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni.

Baba nilimkuta amepiga magoti mbele ya mlango, ukuta wa reli nyuma yake, brashi mkononi, mkono wa kushoto. Mponda akamwita. Hakugeuka. "Ngoja nimalize S," alisema. Basi nikasimama nyuma ya baba yangu ambaye sikumwona kwa miaka miwili, nikamngoja amalize S. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba S haikatizwi katikati. Rangi ikishika, kiungo kinaonekana maisha yote. Siku ile nilielewa kitu kingine.

Mponda hakunifichia aibu yangu. Alipowasimulia nilichouliza njiani, fundi mwenzake na baba, Pazi, mtu mfupi mwenye mdomo usiopumzika, aliinuka akaja mbele yangu akainama.

"Shikamoo, mwenye magari!"

"Marahaba," nikaitikia, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuitikia.

Watu walianguka kwa kicheko. Toka siku hiyo jina langu Gerezani likawa Tajiri. Baba peke yake hakucheka. Alinisogeza hadi mlangoni, akagonga bati kwa kidole. "Bati la wenyewe," alisema. "Langu ni hili linalokauka juu yake."

Niliandikishwa shule, na mchana nikitoka nilikwenda kukaa pale ukutani. Sitaki kusema uongo, nilikuwa na furaha. Nilipenda harufu ya rangi ya mafuta na mafuta ya taa, ambayo mpaka leo ikinipitia barabarani nageuka kutafuta nani ananiita. Nilipenda ule uzi uliopakwa chaki, unavutwa, unaachiwa, tap, mstari umenyooka kuliko reli. Baba aliegemeza mkono kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, akashusha herufi moja baada ya nyingine bila kupumua. Pazi alikata herufi zake kwenye karatasi ngumu, akaziweka juu ya bati na kupaka. Alikuwa mwepesi, na baba alimdharau.

"Wewe huandiki, unapiga mhuri," alimwambia.

"Na wewe unaandika kama unatahiriwa. Gari la mtu siku mbili!"

Siku moja Pazi alipaka tembo wa tajiri mmoja milango yote miwili kwa karatasi ileile, upande uleule. Mlango wa kulia tembo anakwenda mbele, mlango wa kushoto anakwenda nyuma. Tajiri alikataa kuliondoa gari. Tembo anayetazama nyuma anarudisha biashara ilikotoka, kila mtu Gerezani alilijua hilo. Baba alifuta na kuchora upya bila kumcheka Pazi, na hiyo ndiyo ilikuwa dharau kubwa kuliko zote.

Pazi alikuwa na tabia nyingine: kuazima brashi. Aliazima za kila mtu, akaazimisha zake kwa kila mtu. Kwa baba hakupata. "Brashi ya herufi haiazimwi," baba alisema. "Imeshalika upande wangu. Ukiishika wewe itakuandikia uongo." Kisha akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimesogeza mkono. "Hii mtu anapewa siku mwenyewe ameingia kaburini. Mwalimu alipokufa, zake ziligawiwa msibani pamoja na kanzu zake. Mama yako alikuwepo." Niliusikia mwanzo wa maneno hayo. Mwisho wake niliuacha upite.

Baada ya mwaka hivi tukahama chumba chetu cha Gerezani, tukaenda kukaa Kariakoo, Mtaa wa Swahili, kwa Bi Sauda. Bi Sauda alikuwa mtu wa pwani, mtoto wa mji, nyumba ya marehemu baba yake, baraza pana mbele. Siku tuliyohamia kulikuwa na pilau na wazee wanne waliovaa kanzu, wakasoma, wakala, wakaondoka. Nilidhani ndivyo wapangaji wanavyopokelewa Dar. Nilidhani mwenye nyumba wa mjini hula sinia moja na mpangaji wake, humchagulia kipande kikubwa cha samaki, na kila mchana humletea chakula kazini ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Aliniambia nimwite Ma mdogo, nikamwita. Alinitendea vyema. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mbaya.

Lori la Mponda liliporudi kutoka kusini, baba aliipiga msasa ile korosho kwenye ubao wa nyuma kama siku zote. Kisha akafuta vumbi, akafunga makopo yake.

"Baba, umesahau korosho."

"Sijasahau."

"Lori linaondoka kesho."

"Najua linaondoka." Alikuwa hanitazami. "Nenda kanunue sabuni."

Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa wa tatu darasani. Nilijua kusoma gazeti. Nilihitimisha kwamba baba amechoka, kazi zimemzidi, na mama atafika nyuma ya lori, atakuta ubao mtupu, atarudi jikoni bila kucheka. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mafundi wote walikwenda msikitini, nikaachwa kulinda rangi mbichi zisiguswe na mbuzi. Nikafungua sanduku la baba. Nilitoa brashi yake, ile nyembamba, nikachovya buluu, nikaigonga mara mbili ukingoni mwa kopo kama yeye, nikachora korosho na majani mawili. Ilitoka vizuri. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama na moyo ukanijaa. Brashi niliisafisha kwa mafuta ya taa nikairudisha ilivyokuwa.

Mponda alipokuja kuchukua gari aliitazama. "Baba yako kachora?"

"Ndiyo."

"Haya. Nilidhani ameacha." Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Baba alimaliza swala, akaenda moja kwa moja kwa Bi Sauda, lori likatoka bila yeye kuliona kwa nyuma. Nilifanya hivyo safari tatu. Kila mara nilifuta mwenyewe, nikabadilisha rangi: buluu, kijani, nyeupe. Safari ya tatu Mponda alirudi na injini inayogonga. Lori likawekwa juu ya mawe palepale ukutani, injini ikashushwa. Mvua zikaanza, Rufiji ikafurika, barabara ya kusini ikakatika, na hakuna gari lililokwenda wala lililokuja kwa miezi. Ile korosho nyeupe ilibaki inatazama uwanja, nyuma ya mapipa. Baba hakuwa na sababu ya kuzunguka kule.

Njia ilipofunguka, mama alikuja na lori la kwanza, la mtu mwingine. Ilikuwa mchana, nimetoka shule. Nilimwona akishuka, amekonda, amejitanda shuka jeupe. Nilikimbia nikamkumbatia miguu. Aliniweka mkono kichwani lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alikuwa anamtazama baba, aliyepiga magoti mbele ya mlango, brashi mkono wa kushoto, kama nilivyomkuta mimi.

"Somoe?" baba alisema. Safari hii aliiacha herufi katikati.

Mama alilikaza shuka lake begani. Kisha akasema, "Nimekuja kumchukua yatima wangu."

Pazi alicheka, akidhani ni utani wa watu wa kusini. Hakuna aliyemfuata.

"Yatima gani? Nani amekwambia nimekufa?"

"Wewe." Mama alizunguka nyuma ya lori la Mponda, akasogeza pipa kwa goti, akaweka kidole juu ya korosho yangu. "Brashi yako hii. Naijua, inaacha unywele pembeni. Ila mkono si wako. Majani yako yanalala kushoto, haya yanalala kulia. Nikajiuliza, brashi ya mtu imeshikwa na mkono mwingine, mwenyewe yuko wapi? Alipokufa Mwalimu wako nilipika mimi pale msibani. Niliona brashi zake zinavyogawiwa. Nikasema, basi, mwanangu kapewa, na wenyewe wananificha, maana Mponda nikimuuliza habari zako anaangalia pembeni. Nikakaa eda."

"Eda?"

"Miezi minne na siku kumi. Watu waliniambia ngoja habari. Nikawaambia habari ninayo. Msimu wa kulima umepita mimi nipo ndani nakulilia. Shamba ni majani matupu."

Baba alikuwa amesimama, rangi inamdondokea mguuni. "Nisingekuandikia uongo, Somoe," alisema kwa sauti ya chini. "Nia ilibadilika. Kwa hiyo niliacha."

"Ungeuacha ubao mtupu ningekuelewa. Ningelia siku tatu, nikaenda shambani."

"Niliuacha mtupu."

Hapo ndipo wote wawili waligeuka wakanitazama mimi.

Sikupigwa. Mpaka leo natamani ningepigwa. Mama alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza swali moja tu, na hakulirudia maisha yake yote: "Ulidhani sitajua?"

"Nilidhani hujui kusoma," nikasema.

Alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei.

Bi Sauda alifika na bakuli lake la mchana kabla watu hawajapata pa kuangalia. Alikuwa mtu mzima, alielewa mara moja. "Karibu, dada," alisema. "Karibu chakula."

"Ahsante, nimeshiba," mama alijibu. "Mtunze. Mimi zamu yangu ya kumlilia nimeshaimaliza."

Wakati huo ndipo nilipojua Bi Sauda hakuwa mwenye nyumba wetu.

Tulilala Temeke kwa ndugu wa mama siku mbili, tukingoja gari. Baba alikuja jioni ya kwanza, akakaa mlangoni, akamuuliza kama anataka talaka. Mama alikuwa anapepeta mchele. "Maiti haitoi talaka," alisema, akaendelea kupepeta. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshahama kijiji kwa sababu ya njaa ya msimu ule usiolimwa na madeni ya ndugu na maneno ya watu, tuliletewa habari kwamba baba amefariki, safari hii kweli. Mama hakukaa eda nyingine. Alisema mtu halali msiba mmoja mara mbili. Alifunga duka lake la chumvi mchana ule mmoja, basi, na mimi nikaondoka nyumbani mwezi uleule, na tangu hapo sijatulia mahali. Watu huniuliza ninatafuta nini. Nawaambia kazi.

Dar sijarudi. Nimeambiwa karibu na ule ukuta sasa yanapita mabasi ya mwendokasi, na majina ya magari yanakatwa kwa mashine, yanabandikwa kama plasta kwenye kidonda. Sawa. Mashine haina kushoto wala kulia, haiwezi kumuua mtu aliye hai.

Siku tuliyoondoka, lori lilikuwa limesimama palepale Gerezani, kwa sababu ndiko malori ya kusini yalikokuwa yanaanzia. Mama alipanda mbele, akakaa, akatazama kioo. Mimi nilikuwa bado chini. Baba alikuja na sanduku lake. Alilifungua juu ya tairi la akiba, akatoa brashi, ile nyembamba, akaifuta kwa shati lake ingawa ilikuwa safi. Akaninyooshea.

"Haiazimwi, baba," nikasema.

"Sikuazimi."

Nilielewa. Pazi naye alielewa, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amenyamaza. Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa kupokea kitu kwa mtu mzima. Ninayo hadi leo, chini ya begi, imefungwa kitambaa. Tangu siku hiyo haijachovya rangi.

Lori lilipoanza kwenda, mama alinishika shingo. "Usigeuke," alisema. "Tulishamzika."

Niligeuka. Baba alikuwa na mlango wa mtu haujamalizika, jina limefika katikati. Alisimama mbele yake, mikono mitupu. Kisha akaenda kwa Pazi, hatua kwa hatua, akanyoosha mkono wa kushoto, na Pazi, bila utani wowote, akamwazima brashi.